Kichaka cha Hershel na Miaka Minne ya Kununiana

Kaka yangu Hershel Oakley aliendesha lori la gesi miaka thelathini na moja, na hakuna mbwa katika wilaya yetu asiyemjua. Alikuwa akifika kujaza tangi la mtu, mbwa wanakuja mbio, naye ana mfuko wa biskuti zao chini ya kiti. Mvua ya barafu ikinyesha na umeme ukakatika, yeye ndiye aliyekuwa akipita nyumba za vikongwe kuwauliza kama wana joto. Ukimwomba Hershel shati alilovaa, atalivua hapohapo. Lakini umwulize samaki wake, krapi, amewapata wapi, weee! Atakutazama kana kwamba umemwomba figo.

Mimi ni dada yake, Nelda, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ameshika samaki na mashua nyingine inapita? Atazamisha ncha ya ufito wa kuvulia majini, ataegemea kiti na kupiga miayo, samaki anahangaika huko chini. Akirudi nyumbani kutoka upande wa mashariki wa ziwa, atazunguka maili tisa ili majirani wamwone akitokea magharibi. Mchungaji alimwuliza mlangoni mwa kanisa, Biblia mkononi, samaki wako wapi siku hizi. Alidanganywa palepale, na hosana bado inasikika ndani. Nilimwambia Hershel aone haya. Akasema Mungu anajua walipo, kwa hiyo hakuna aliyefichwa kitu cha maana.

Tatizo ni huyo krapi mwenyewe. Ni samaki bapa, wa rangi ya fedha na madoa meusi, na mdomo wake ni laini kama karatasi iliyolowa; ukimvuta kwa pupa unabaki na ndoana tupu. Anaishi kwa makundi na anapenda kujificha kwenye matawi yaliyozama. Ndiyo maana huku kwetu magharibi mwa Kentucky watu hukata miti wakati wa baridi, wakaifunga matofali ya saruji, wakaizamisha ziwani, halafu wakanyamaza. Ziwa ni la wote. Ukishazamisha kichaka, yeyote atakayekigundua ana haki ya kuvua juu yake, na huna pa kwenda kushtaki. Mali yako ni huko kunyamaza tu.

Sasa, majira ya baridi ya miaka minne iliyopita, Hershel alikata mierezi ishirini na miwili kwenye malisho yake. Mgongo wake ulikuwa unamsumbua, hakuweza kuinua matofali peke yake, basi akamchukua mume wangu, Garland. Hao wawili walikuwa marafiki tangu darasa la tatu, kabla hata Garland hajajua kwamba mimi nipo duniani. Hershel alimwapisha ndani ya pikapu, mkono juu ya usukani. Wakazamisha miti siku nzima katika ukungu, na Garland akarudi kwangu amelowa mpaka kwapani, midomo ya buluu.

Nikamwuliza ametoka wapi. Akasema hakuna mahali. Nikampakulia supu ya moto ya maharage, nikauliza tena. Alipofika bakuli la pili alikuwa ameshaniambia yote: mdomo wa kijito cha Tandy, ukipita visiki vitatu, sambamba na dohani nyeupe ya ile nyumba iliyoungua. Msimlaumu. Miaka arobaini ya ndoa, na supu yangu mimi naijua.

Na sasa niseme, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Aliyetoa siri ni mimi. Ilikuwa mwezi wa tatu, nimekwenda saluni kwa Maxine kutengeneza nywele kwa ajili ya Pasaka. Nimekaa chini ya draya, na kwenye draya ya pili amekaa Lurlene Goss. Lurlene akaanza kujisifia mume wake jinsi anavyojua kuvua. Mimi nikaona huyu ananiletea nini, nikamwinamia nikamnong'oneza kwamba kaka yangu ana kichaka cha mierezi ishirini na miwili, na mahali kilipo, mpaka dohani. Nilidhani ninanong'ona. Mashine inanguruma masikioni kama ndege inayopaa, wewe husikii hata mawazo yako, unajuaje kama unanong'ona? Nilikuwa napiga kelele. Saluni nzima ilisikia, na siku ile saluni ilikuwa imejaa kwa sababu ya Pasaka.

Jumamosi yake kulikuwa na mashua kumi na moja juu ya kichaka cha Hershel. Moja ilikuwa na mwavuli na viti vya kukunja.

Alikuja kwetu mchana ule akasimama uwanjani, hakutaka hata kupanda ngazi ya baraza. "Nilimwambia mtu mmoja tu dunia nzima," alisema. Garland alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akatazama viatu vyake, akaufunga. "Sina la kusema, Hershel," akasema. Kaka yangu akamwita mwizi, akamwita na mengine ambayo sitayaandika, akageuka akaondoka.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema, na sikusema. Mimi, ambaye hata kwenye mazishi huambiwa nipunguze sauti. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa na Hershel kumi na saba, na yeye ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele za kwenda shule, vibaya mno, upande mmoja juu upande mmoja chini, na watoto wakinicheka anakwenda kuwangoja njiani. Hajawahi kunikaripia maisha yangu yote. Niliogopa kuona siku ya kwanza itakuwaje. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, na siri ikazidi kuwa nzito kadiri ninavyoichelewesha.

Basi wakanuniana. Hershel hana mke wala mtoto, jamaa zake ni sisi. Sikukuu ya Shukrani ikawa napika bata mzinga wawili: mmoja saa sita mchana kwa Hershel, mwingine saa kumi na mbili jioni kwa Garland na binti yetu Renee na watoto. Krismasi hivyohivyo. Pasaka hivyohivyo. Mwaka juzi Garland alipasuliwa moyo, akakatazwa kuinua chochote kizito kuliko kikombe. Kila Jumanne kiangazi chote Hershel alikuja na mashine yake, akakata nyasi zetu zote, akaondoka bila kusema hujambo. Garland anamtazama dirishani. "Kaacha kipande pale karibu na uzio," ananiambia. Namwambia toka ukamwambie mwenyewe. "Hatuongei," anasema, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaja dini yake.

Mwaka huu Renee alinipigia simu mwezi wa pili. "Mama," akasema, "watoto wananiuliza kwa nini Mjomba Hershel anakula peke yake mchana. Mimi nimechoka kuwadanganya. Mwaka huu iwe meza moja, la sivyo sisi tunakwenda kwa wakwe." Wakwe zake wako Ohio. Nilikata simu nikakaa jikoni nimeshika tama, na nikaapa kwamba safari ya krapi ya mwezi wa nne haitakwisha kabla sijasema.

Safari hiyo tunaifanya kila mwaka. Maua meupe ya porini yakichanua ukingoni mwa misitu, samaki wanasogea kwenye maji mafupi kutaga, na sisi tunakodi vibanda vinne kando ya ziwa. Mkubwa wa safari ni Royce Tilford, aliyekuwa mpeleka barua wetu. Yeye ana sheria mbili. Ya kwanza, kila asubuhi majina yanatiwa kwenye mkebe wa kahawa na yanayotoka pamoja yanapanda mashua moja. Ya pili, atakayewapata samaki atataja kina kwa sauti, wote wasikie, maana jioni tunakaanga sufuria moja. Hershel anaitii sheria ya pili kwa shida sana. Huwa anataja kina akiwa ameziba mdomo na kitambaa.

Jumamosi injini ya mashua moja ilikataa kuwaka, ikabidi watu wabanane. Royce akachovya mkono kwenye mkebe. "Hershel," akasoma. Akachovya. "Garland." Akachovya tena. "Na Nelda."

"Rudia," akasema Hershel.

"Mkebe umesema," akajibu Royce.

"Mkebe hauna mdomo, Royce."

"Basi una akili kuliko wengi waliopo hapa. Pandeni, jua linachomoza."

Nilimwona akinikonyeza. Mpaka leo anakana.

Tukapanda mashua ya Hershel. Yeye mbele kwenye mota ndogo ya umeme, Garland nyuma, mimi katikati na ndoo ya vidagaa hai vya chambo, chupa ya kahawa na sandwichi. Ijumaa ilikuwa imepita baridi kali kutoka kaskazini, na sasa mbingu ilikuwa ya buluu tupu, bila hata uzi wa wingu. Mvuvi yeyote wa kwetu akiiona mbingu kama ile baada ya baridi anaguna. Samaki hunyamaza, hawagusi chambo.

"Nelda," akasema Hershel bila kugeuka, "mwambie mumeo asitikise mashua."

"Garland, usitikise mashua."

"Mwambie kaka yako sijatikisika tangu saa moja. Labda ni moyo wangu unadunda. Umetengenezwa upya, una nguvu."

"Mwambie nimesikia."

"Kama amesikia, nimwambie nini?"

"Mwambie hivyo, kwamba nimesikia."

"Amesikia," nikamwambia Garland.

"Nimesikia kwamba amesikia," akasema Garland.

Ikawa hivyo mpaka shingo inaniuma kwa kugeukageuka. Hershel akatupeleka kwenye mierebi, maji ya futi mbili, maana krapi wa mwezi wa nne yuko kwenye maji mafupi na hakuna wa kumwambia vingine. Hakuna. Tukaenda kwenye magati ya watu, tukarusha chini ya kila ubao. Hakuna. Kufikia saa nne tulikuwa na samaki wawili, kila mmoja mkubwa kama kiganja cha mtoto, tukawarudisha kwa aibu. Royce akapiga simu.

"Vipi huko?"

"Hewa safi," nikamwambia.

"Sisi tunaye mmoja. Nadhani alikuwa mgonjwa. Jamani, jioni tutakula soseji."

Nilipoikata simu Garland akakohoa. "Nelda, mwambie kaka yako wameshuka. Baridi imewashusha. Wako ukingoni mwa mkondo wa zamani, ule wa mto uliozama chini ya ziwa, kwenye kina."

"Mwambie mumeo," akasema Hershel, "kama anajua sana samaki walipo, awatangazie watu, kazi hiyo anaiweza."

Ilikuwa nafasi yangu, na nikaimeza. Nikafungua sandwichi badala yake. Wao wakaendelea kubishana kupitia kwangu, mmoja mierebi, mmoja mkondo, na hakuna aliyekuwa anashika usukani, kwa hiyo upepo ukatusukuma taratibu katikati ya kijito, mbali na alikotaka yeyote kati yao.

Nilikuwa nimeusahau ufito wangu. Nilikuwa nimeubana kati ya magoti, mkono mmoja una sandwichi, mwingine una haradali, na kumbe sikufunga kigurudumu cha mshipi. Mshipi ulikuwa unashuka wenyewe, unashuka, unashuka. Halafu ukalegea. Asiyejua atadhani umefika chini. Lakini krapi mkubwa mara nyingi hamvuti mtu. Anakichukua chambo na kupanda nacho juu kidogo, na wewe unaona mshipi unakuwa mlegevu tu, basi. Nikatupa sandwichi, nikafunga kigurudumu, nikainua polepole.

"Ala!" nikasema.

Ufito ulijikunja mpaka majini. Garland alikuwa ameshaushika wavu kabla sijamwita. Nikaukamata mshipi, nikauvuta kwa mikono, akatoka samaki mpana kama sahani ya kulia, mgongo mweusi, anametameta.

"Usirudishe mshipi!" akasema Garland. "Ngoja nipime." Akauvuta mkono kwa mkono, futi kwa futi, akihesabu kwa midomo. "Futi kumi na nne."

Hershel hakusubiri aambiwe na mimi. Nyuzi zao mbili zilishuka pamoja, futi kumi na nne, na kabla sijapata kidagaa kingine ufito wake ukapinda, na wa Garland ukapinda. Walikuwa chini yetu kundi zima, wamejipanga ukingoni mwa mkondo. Tuliwavuta mmoja baada ya mwingine. Haradali ilikuwa kwenye nywele zangu na maji ya ziwa kwenye viatu vyangu, na nilikuwa nacheka kama mwehu. Hershel alipiga kelele, "Nelda, mwambie mumeo — wavu! Wavu, wavu!" na Garland akaupeleka wavu, akamchota samaki wa Hershel, akamtoa ndoana taratibu ule mdomo usichanike, akamlaza kwenye barafu. Kwa dakika kama kumi walikuwa wavulana wawili wa darasa la tatu. Sikutaka ziishe.

Royce ana macho ya kipanga. Aliona mkono wangu ukienda juu na chini kutoka ng'ambo ya kijito, na hao wanakuja, yeye na mwenzake, mpaka wakawa hatua chache kutoka kwetu.

"Kina gani?" akaita.

Sheria ni sheria. Nikasimama. "KUMI NA NNE!"

"Punguza sauti!" Hershel akasema ameuma meno. "Mbona nyumba yenu nzima haina kufuli mdomoni? Mtu akipata kitu kidogo tu, hewani! Kichaka changu kilikwenda hivihivi, kwa mdomo wa mumeo huyo."

Garland alikuwa ameinama na samaki mkononi, kola ya shati imefunguka, na kovu lake la upasuaji linaonekana. Alikuwa anamtoa ndoana samaki wa Hershel. Nikamtazama yule mwanamume, nikajiona mdogo kuliko vile vidagaa kwenye ndoo.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyetoa kichaka chako! Garland hakumwambia mtu. Aliniambia mimi, baada ya kumpa supu, na mimi nikamwambia Lurlene Goss, chini ya draya. Nilidhani ninanong'ona. Miaka minne, Hershel. Nilikuwa nataka kusema kila siku na nikaogopa, haya, nimesema, nitupe majini kama unataka!"

Royce na mwenzake ghafla wakaona kitu cha maana sana angani. Hershel alikuwa amenitumbulia macho.

"Draya?" akauliza.

"Draya."

"Ya Maxine?"

"Ya Maxine. Ile ya dirishani."

Alikaa. Ufito wake ulikuwa unavutwa na hakuugusa. Nilingoja anikaripie, nimejikaza mwili mzima kama mtoto anayengoja sindano. Lakini hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anamtazama Garland, juu ya bega langu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uwanjani alimsemesha yeye mwenyewe.

"Wewe ulijua?"

Garland akafuta mikono kwenye suruali. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo siku. Nilikuwa nje kwenye pikapu, namngoja amalize. Kioo nimekishusha. Nilimsikia mpaka ile dohani."

Mimi nikageuka nusura nipindue ndoo. "Ulinisikia? Garland! Ulikuwa unajua wakati wote, nikakaa nakutazama unatukanwa?"

"Nilikusikia, mke wangu. Nadhani na posta walikusikia."

"Miaka minne," akasema Hershel. "Nimekuita mwizi mbele ya watu. Nimekuita kanisani. Kwa nini hukusema neno moja?"

Garland alifikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema, ndiyo maana tumedumu, maana mimi sijaliweza hilo. "Ningesema, ungemnunia Nelda," akasema. "Mimi ukininunia, nina Nelda. Sasa wewe ukimnunia Nelda, una nani? Sikukuu utakula kwa nani?"

Kaka yangu alivua kofia akaitazama ndani, kana kwamba kuna maandishi humo. Masikio yake yalikuwa mekundu. Halafu akajifuta uso na ile kofia, macho na pua vyote pamoja, bila aibu. Na mimi nililia, sitaficha, nililia kwa sauti kama nilivyoongea kwa Maxine. Nilimlilia mume wangu aliyebeba tusi langu miaka minne akala chakula changu akalala kitandani kwangu, asinitupie hata neno. Nilikuwa na aibu, na nilimpenda mpaka kifua kikauma.

"Na hukunikasirikia?" nikamwuliza.

"Nilikasirika. Siku tatu nililala nimekupa mgongo. Hukugundua, kwa sababu na wewe ulikuwa umenipa mgongo."

Hershel alipenga kamasi. "Ungeniambia, Nelda, ningekasirika wiki moja tu."

"Mbili," akasema Garland.

"Mbili," akakubali Hershel.

"Samahani jamani," Royce akaita kwa upole kutoka kule, "hiyo kumi na nne ni ya kweli, au tungoje mmalize kulia?"

"Ni ya kweli, mbwiga wewe, shusha mshipi!" akafoka Hershel, na pale nikajua kwamba atapona.

Tuliendelea kuvua, ingawa kusema kweli mimi niliwapoteza watatu mfululizo kwa sababu nilikuwa sioni. Waliuma mpaka saa saba. Hershel alikuja nyuma akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na Garland, akisema ni kwa ajili ya kusawazisha uzito. Mwanzoni hawakuwa na maneno. Walikuwa wakiongea samaki tu, huyu mzuri, yule mdogo, lete kidagaa. Halafu Hershel akamwuliza habari za moyo, kama unamwuma akipanda ngazi. Garland akamwambia habari za moyo, kisha akamwambia habari za kile kipande cha nyasi karibu na uzio, kwamba miezi mitatu mfululizo alikiruka, na Hershel akasema alikiruka makusudi. Nilipowasikia wanacheka sikugeuka, nikaogopa kuwakatiza.

Tulipowasha injini kurudi, Hershel aliinama kwa Garland. Alidhani sisikii.

"Jumatano una kazi?"

"Sina."

"Nimekata mialoni kumi na sita. Ipo nyuma ya ghala. Mgongo wangu hauiwezi, na wewe huruhusiwi kuinua. Lakini tukishika wawili wawili, polepole..."

"Tutaweza. Unaiweka wapi?"

Hershel akanitupia jicho. Garland naye akanitupia jicho.

"Kuhusu huyu je?" akauliza kaka yangu.

"Huyu," akasema mume wangu wa miaka arobaini, bila hata kupepesa macho, "tutamwambia ni upande wa pili wa ziwa."

"Nawasikia!" nikasema.

"Tunajua," wakasema wote kwa pamoja, wakaangua kicheko mpaka Hershel akashika mbavu, kikawapanda upya kila nilipofungua mdomo kujitetea. Walinicheka vile njia nzima, bega kwa bega, na nikawaacha.